Kasha la Magurudumu Manne

Sisi tuliokulia Kilburn, London, miaka ya sabini tulikuwa na utoto wa namna yake, na nikiusimulia leo wajukuu wangu hunitazama kana kwamba nabuni. Tulicheza komwe kwa mbegu za kahawia zilizodondoka bustanini majani yakianza kupukutika, maana komwe zenyewe zilibaki Unguja. Jumamosi tulikwenda chuoni kusoma Kurani, sebuleni kwa mwalimu ambaye bakora yake ilisafiri naye kutoka Ng'ambo ya Unguja, na tulirudi na njaa ya kutafuna meza. Skuli tulimwagiwa uji mtamu wa njano juu ya keki, tukala. Nyumbani tulipewa wali na mchuzi wa papa, tukala pia. Ukijifanya kuchagua, Mama alikwambia, "Mchagua nazi hupata koroma," na wewe hata koroma lenyewe hukuwahi kuliona.

Tulipanga vyumba viwili juu ya duka la viatu. Baba, jina lake Salim, alikuwa karani wa ghala moja huko Hayes. Mama alishona nyumbani. Kaka yangu Nassor alinizidi kimo na ubishi, na mimi niliwazidi wote kwa kusikiliza mazungumzo ya wakubwa. Baba alitoka Unguja baada ya Mapinduzi, akijua kwamba mlango aliotokea si wa kurudia. Mama yake, Bibi yetu, alibaki kule, na ilichukua miaka mingi ya maombi mpaka akapata ruhusa ya kuja. Alifika na buibui lake, birika la kutawadhia na mkeka mdogo aliousuka mwenyewe.

Tulifurahi sana alipokuja. Nyumba ilinuka iliki kuanzia alfajiri, na jioni alitupigia hadithi huku akinisuka nywele kwa nguvu mpaka nyusi zinapanda. Lakini nje hakutoka. Alijaribu mara ya kwanza, upepo wa barabara kuu ukaliinua buibui lake, vijana fulani wakacheka. Akajaribu tena alipopelekwa kwa daktari. Akakaa kwenye foleni mpaka adhuhuri ikampita, na chooni akakuta karatasi tupu bila tone la maji. Alirudi nyumbani kanuna, akaapa kwamba kwake yeye London inaanzia kitandani na kuishia dirishani.

Asubuhi moja, tukinywa chai, akamwambia Baba, "Mwanangu, mie nakushukuru. Umenilisha, umenivisha, Mungu akuzidishie. Lakini nimetoka kisiwani nimekuja kukaa dirishani. Kiangazi kikimalizika nirejeshe kwetu."

Baba aliweka kikombe chini. Alisema, "Inshallah, Mama," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Hata mimi mtoto nilielewa. Bibi akirudi Unguja, Baba hangeweza kumfuata, na hiyo ingekuwa mara ya mwisho kuonana. Nilikwenda chumbani nikalia, na Nassor, ambaye kwa kawaida angenicheka, alikaa kando yangu akachezea kamba ya kiatu.

Dawa ilitoka kwa Bwana Kanti, Mhindu wa Darajani aliyekuwa na duka la bizari na unga kwenye barabara kuu. Alizaliwa Unguja kama Baba, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nyuma ya duka alikuwa na gari kuukuu lililokuwa na nyumba ndani yake: vitanda, jiko, sinki, kabati, hata choo. Alilinunua kwa mtu mwingine akidhani atatembea nchi nzima na mkewe. Mkewe akalala humo usiku mmoja tu, akasema yeye hakuolewa akalale garini.

"Bwana Salim," akasema Bwana Kanti, "mama yako hataki kutoka nyumbani. Basi mtoe na nyumba yake."

Baba alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaenda kulitazama. Wiki iliyofuata gari lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la viatu, rangi ya maziwa yaliyochacha, na mlango wake ukifungwa kwa kupigwa nyonga. Bibi alilichungulia kutoka dirishani. "Kasha gani hilo?" akauliza. Basi jina likawa hilo hilo, Kasha, na mpaka leo sijui liliitwaje kiwandani.

Vijana wa siku hizi wakinunua kitu hutazama video, mtu wa Marekani akawaonyesha namna ya kufungua bomba. Sisi tulifundishwa na Bwana Kanti Jumapili moja, barabarani, watu wote wa mtaa wakitazama. Alituonyesha mtungi wa gesi, kwamba ufungwe gari likitembea, na kwamba ukitaka kujua kama gesi inavuja usipeleke kiberiti bali upake maji ya sabuni kwenye maungio, uone kama yanatoa mapovu. Alituonyesha tangi la maji safi na pampu ya kukanyaga kwa mguu. Akatuonyesha ndoo ya maji machafu chini ya sinki, akasisitiza kwamba haijimwagi yenyewe. Akamaliza na friji. Friji ile ilitumia gesi, na ilikuwa na deko la bibi harusi: gari likilala upande kidogo tu, inagoma. Sharti gari likae sawasawa. Baba akabuni njia yake ya kupima, akaweka bakuli la maji sakafuni na kutazama maji yameegemea wapi.

Baba alisomea Kurani chuoni kwa kukariri, na kwake yeye elimu yote iliingia kwa njia hiyo. Kila jioni akirudi kutoka Hayes alitupanga kando ya Kasha, akatusomesha kwa sauti.

"Gesi?"

"Imefungwa!"

"Maji?"

"Yamejaa!"

"Kabati?"

"Limekazwa!"

"Friji?"

"Imekaa sawa!"

Hilo la kabati liliongezwa baada ya safari ya kwanza ya majaribio, ya kuzunguka mtaa tu. Baba alikata kona, milango ya kabati ikafunguka, na sahani za Mama zikashuka garini kabla ya abiria. Mama aliokota vigae kimoja kimoja. Alipomaliza alisema, "Endelea kujifunza, Baba Nassor, vyombo vya udongo vimekwisha, sasa tunaingia kwenye bati."

Maji nayo yalitutia adabu. Bwana Kanti alisema tangi likijaa linatosha familia kutwa nzima. Alisahau kutuhesabia udhu. Tulipofanya jaribio la kushinda ndani ya Kasha, tangi lilikauka kabla ya alasiri, na ndoo ya chini ya sinki ikafurika mpaka kwenye soksi za Nassor. "Dad, it's coming out!" alipiga kelele, na Baba akamjibu kwamba akitaka kuokolewa aombe kwa Kiswahili. Choo ndicho kilikuwa kioja zaidi. Kilikuwa ndoo yenye dawa ya buluu, imetengenezwa kwa ajili ya watu wa karatasi, na sisi ni watu wa kopo. Kilijaa upesi kiasi kwamba Baba alionekana mtaani akipita na ndoo mkononi na tai shingoni, akisalimia majirani kama kawaida. Baada ya hapo tuliweka madumu ya ziada ya maji chini ya vitanda, na Mama akatoa hukumu kwamba kila kopo litajazwa nusu.

Mambo yalipokaa vizuri, Mama alifukiza Kasha udi. Aliweka makaa kwenye chetezo, akafungua madirisha, akafunga mtungi wa gesi, akaangalia tena kama kweli umefungwa, ndipo akaingia. Mapazia yalinuka harusi mwezi mzima. Kisha Bibi akaombwa ashuke aje kukagua.

Alishuka jioni, barabara ikiwa tupu, akapanda Kasha huku akishika kila kitu kama anayenunua. Alibonyeza godoro. Alifungua kabati, akalifunga, akalifungua tena. Akachungulia choo, akaona kopo limesimama mahali pake, akaguna kwa namna ambayo kwake ilikuwa sifa.

"Na kibla?" akauliza.

Hapo Baba alikuwa amejiandaa. Alitoa dira aliyoitundika kwenye kioo cha mbele. Upenyo kati ya vitanda ulikuwa mwembamba, mswala uliingia kwa urefu wa gari tu, haukuweza kupinduliwa. Kwa hiyo ili Bibi asali humo ndani, pua ya gari lenyewe ilibidi ielekee kibla. "Wallahi, Mama," akasema Baba, "popote nitakaposimama, gari zima litaelekea kibla. Hutatoka nje wala hutaonekana na mtu."

Bibi alifikiri. "Siku moja tu," akasema. "Na nikirudi, utanikatia tiketi yangu."

Tulikwenda Kent, kwenye shamba la mkulima mmoja aliyeruhusu watu kuegesha magari ya kulala kiangazi. Kilikuwa kiangazi cha joto la ajabu, nyasi zimegeuka rangi ya mkate. Bibi alisafiri amekaa kitandani, pazia limefungwa, mkono juu ya sufuria ya pilau isije ikaruka. Mama alipakia jiko lake lote, pamoja na mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu hakuamini kwamba mtu anaweza kwenda Kent bila mbuzi. Tulipofika, magari mengine yalikuwa yamepangwa mstari mmoja ulionyooka, yote yakitazama njia, kwenye sehemu ya juu iliyokuwa tambarare. Baba akaingiza Kasha kwenye mstari, akatazama dira, akatikisa kichwa. Akaligeuza, akatoka nje ya mstari, akatazama dira tena. Kibla kilikuwa upande wa mteremko.

Mtu mwenye akili zake angeona tatizo pale pale. Lakini Baba alikuwa ameapa. Aliliegesha Kasha pua chini, mkia juu, akashuka kwa fahari kufungua mlango. Ndani, bakuli la kupimia lilikuwa limekwisha mimina maji yake yote. Friji iligoma, na maziwa ya chai yalikuwa humo. Sinki lilimwagikia upande usio na tundu. Bibi alitandika mswala, akasimama juu yake, akajikuta anaanza kutembea bila kutaka. Akashika kabati.

"Salim," akasema, "hapa nikisujudu si nitaishia kwenye usukani?"

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mwingereza mnene mwenye kaptura, na mbwa, na redio ndogo iliyokuwa ikiimba. Alitazama kidogo, kisha akaja na kabari mbili za mbao na pimamaji, bila kuulizwa. Baba akalisogeza gari juu ya kabari. Pua ilipanda kidogo, lakini mteremko ulikuwa bado unatushinda. Baba akatafuta kitu cha kuongezea. Akaingia jikoni, akatoka na mbuzi ya nazi.

"Mbuzi yangu hapana!" Mama akalia. "Salim, nakwambia, mbuzi yangu hapana!"

Hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia Mama akimwita Baba kwa jina. Baba alikwishaiweka chini ya gurudumu. Aliwasha gari, akalisogeza mbele polepole, na sote tukasikia mlio wa ubao ukivunjika. Kasha likarudi chini kwa kishindo, na kutoka ndani ikaja sauti ya sufuria ya pilau ikitembea.

Baba alizima gari. Alishuka akasimama pale jasho linamtiririka, dira mkononi. Kiangazi kizima alikuwa amejifunza gesi na maji na friji, amebeba ndoo mbele za watu, na sasa siku yenyewe, ile moja aliyopewa, ilikuwa inamtoka mikononi. Alasiri nayo ilikuwa inakwisha. Nilitaka kumshika mkono lakini niliogopa angelia, na mimi ningelia pia.

Mlango wa Kasha ukafunguka kwa pigo la nyonga. Bibi alikuwa amesimama kizingitini, birika mkono mmoja, mkeka wake mdogo kwapani.

"Basi, mwanangu," akasema. "Muda wote huu unageuza gari. Mie si miguu ninayo?"

Akashuka. Ngazi ya gari ilikuwa imeinama, Nassor akampa bega, na akakanyaga nyasi. Alitawadha nyuma ya Kasha, Mama akimkinga kwa kanga. Kisha akatembea mpaka pale palipokuwa tambarare, wazi kabisa, mbele ya watu wote, akatandika mkeka wake, akaugeuza kwa mkono mmoja mpaka ukaelekea alikoonyeshwa na Baba, akasali. Yule Mwingereza alizima redio yake na kumwita mbwa. Hakuna aliyecheka.

Alipotoa salamu hakuinuka. Alikaa vile vile miguu kaikunja, akiutazama ule uwanja mkubwa na anga juu yake. Tulimwendea mmoja mmoja, tukakaa kumzunguka. Mama alileta chai ya rangi, maana maziwa yalikwisha haribika, na mkate wa kumimina.

"Shamba hili la nani?" Bibi akauliza.

"La mkulima mmoja, Mama," Baba akajibu.

"Na hawa wengine wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu. Wamekaa tu, kama sisi."

Bibi akatafakari jambo hilo. Akakata kipande kikubwa cha mkate, akanituma nikampelekee yule mwenye kabari. Mzungu alikula, akainua kidole gumba juu, na Bibi, ambaye hakuwa ameongea na Mwingereza yeyote tangu afike, naye akainua chake. Kisha akajisogeza ili Nassor apate nafasi. Nafasi ilikuwa ndogo. Mguu wangu ulikuwa kwenye nyasi, wa Mama pia.

"Salim," akasema, akipigapiga ukingo wa ukili kwa vidole. "Mkeka huu mdogo. Kuna ule mkubwa nyuma ya mlango kule nyumbani Kilburn. Mwakani tuje na ule."

Baba alikuwa anakunywa chai, na kikombe kikabaki mdomoni muda mrefu kuliko chai iliyokuwamo. Mama akasema anakwenda kutazama pilau, akaingia ndani ya Kasha, akakaa huko. Nassor akaniegemea akanong'ona, "Did she say next year?" Nikamwambia ndiyo, kasema mwakani.

Tiketi haikukatwa. Mbuzi mpya ilitoka kwa Bwana Kanti, na Mama aliificha kila tulipokwenda safari. Mwaka uliofuata tuliegesha Kasha kwenye mstari kama watu wengine, pua kuelekea njia, friji ikapoza kwa raha, na nje tukatandika mkeka mkubwa. Kwenye ile orodha ya Baba kukaongezeka swali la mwisho. "Mkeka?" "Umo!" Bibi ndiye aliyeitikia hilo, kwa sauti kuliko sisi. Alituona tukikua, akamwona Nassor akioa, na alipofariki alizikwa hapa hapa, mtoto wake akiwa kaburini kumshusha. Baba hakuomba zaidi ya hilo.

Sasa mimi ndiye Bibi. Naishi Thornton Heath, kusini mwa London, nimestaafu, na majira ya kuchipua yaliyopita nilinunua gari kuukuu la kulala. Kijana aliyeniuzia alinionyesha kila kitu kwa upole, akisema kwa sauti kubwa kama mtu anayesema na kiziwi. Pampu sasa ni ya kubonyeza. Friji haijali gari limelalaje. Mjukuu wangu Salma ana simu inayomwonyesha kibla, mteremko, hali ya hewa na duka la karibu la kuku wa kukaanga, na ndani ya gari macho yake hayatoki kwenye kioo hicho. Sisi tulipotea njia mara nyingi, tukafahamiana na watu wengi. Wao hawapotei kamwe, na nadhani ndiyo maana hawamjui mtu. Lakini watoto hawa hawana makosa, ndiyo dunia waliyoikuta, na nami nisiseme sana, kwani hiyo simu ndiyo iliyotufikisha Kent safari hii.

Shamba lile limejengwa nyumba. Tulipata jingine si mbali, tambarare. Niliegesha gari, nikatandika mkeka mkubwa, ule ule, umeshonwa pembeni mara mbili, ukili umekuwa laini kama kitambaa. Salma alikaa kwa kusitasita, akalalamika kuhusu wadudu, akala sambusa zangu tano, akalala chali. Mimi huzungumza naye Kiswahili na yeye hunijibu Kiingereza. Ndivyo tulivyozoeana tangu alipoanza kusema, na nilikwisha kata tamaa ya kumbadilisha.

Jua lilipoanza kushuka nikamwambia tufungashe. Tulisimama kando ya gari, nikamsomesha kama nilivyosomeshwa. Gesi, maji, kabati. Alikuwa akiitikia kwa kuzungusha macho, simu mkononi.

"Mkeka?" nikauliza.

Aliutazama ukiwa umekunjwa chini ya kitanda. Akatia simu mfukoni.

"Umo, Bibi," akasema. "Mwakani tena?"